Leseni ya Kurusha Juu ya Vichwa vya Watu

Meneja wetu alikuwa na tabia ya kuamua mambo ya watu akiwa amesimama mlangoni, simu sikioni, kabla hujajua kama ni wewe unayezungumziwa. Ndivyo alivyoamua na langu. Alichungulia chumba tulichokuwa tunafanyia kazi, akaniambia, "Wewe utachukua lile daraja la chini la leseni. Linakutosha." Kisha akaendelea na simu yake huku akishuka ngazi.

Kampuni yake ilikuwa ndogo, iko ghorofani hapa Morogoro mjini, karibu na Msamvu, mahali ambapo kutwa nzima unasikia wapiga debe wakiwaita abiria wa Dodoma na Iringa. Kazi yetu ilikuwa kupima mashamba kwa droni. Droni inapanda, inapita juu ya shamba kwa mistari kama mtu anayepalilia, inapiga picha. Sisi tunaziunganisha picha zile kwenye kompyuta hadi zinakuwa ramani moja. Kwenye ramani hiyo mkulima anaona wapi maji yanakata udongo, wapi mimea imedumaa, mpaka wake unaishia wapi. Mimi nilisomea kilimo na niliajiriwa kuunganisha picha. Lakini kurusha nilijifunza mapema, kwenye uwanja mmoja wa wazi kule Kihonda, na sioni aibu kusema kwamba nilirusha vizuri kuliko wanaume wawili niliofanya nao kazi. Wao walilijua hilo. Meneja alilijua pia, kwa sababu wateja walipokuja kuangalia, rimoti alinipa mimi.

Sheria zilipoanza kufuatiliwa, ikawa lazima kampuni iwe na marubani wenye vyeti. Chuo kimoja binafsi kilikuwa kinafundisha, na walituwekea madaraja matatu, wakatueleza moja moja. La kwanza ni la mtu anayerusha kwa kujifurahisha: droni ndogo, eneo la wazi, mbali na watu, na bila malipo. La pili ni la mtu anayerusha kwa kazi ya kulipwa: anaruhusiwa kukaribia makazi kwa masharti, lakini lazima droni aione kwa macho yake muda wote. La tatu ni la mashine nzito, kama zile za kunyunyizia dawa mashambani, na la kurusha mbali ambako rubani haoni tena kitu isipokuwa skrini yake. Hakuna kigumu hapo. Mtu yeyote anayejua kampuni yetu ilifanya nini angejibu bila kufikiri kwamba wote watatu tulihitaji la pili.

Wanaume wawili wakaandikishwa la pili. Mimi la kwanza.

Nilimfuata ofisini kwake. Nikamkuta anakunywa chai.

"Bosi, naomba kuelewa. Kwa nini mimi niko daraja la kwanza?"

"Kwa sababu wewe ni mtu wa ofisini, dada yangu. Kazi yako ni picha."

"Narusha pia. Wiki iliyopita ni mimi niliyerusha kwa wale wageni."

"Hapa uwanjani, ndiyo. Lakini kazi zinazokuja ni za milimani. Nikupandishe milima ile na begi mgongoni? Utanilaumu."

"Nimezaliwa Mgeta," nikamwambia. "Njia zile nimezipita na kabichi kichwani kabla sijaanza shule."

Akacheka. Akasema, "Ndiyo maana. Umeshateseka vya kutosha."

Alidhani amesema jambo la upole. Nilitoka pale, nikaenda kusimama chooni na kufungua bomba ili nisikike nanawa. Hasira yenyewe haikuwa kwa sababu ya cheti tu. Ilikuwa ni ule uhakika wake. Mtu hajawahi kupanda Mgeta kwa miguu, anaishia pale gari linapoishia, halafu ananieleza mimi mlima.

Chuoni nilijaribu tena. Mkufunzi alikuwa kijana mtanashati, miwani ya jua juu ya paji la uso hata tukiwa darasani. Nikamwambia kazi yetu ni ya malipo na mashamba tunayopima yana watu ndani yake, kwa hiyo nadhani nimewekwa daraja lisilonifaa.

"Anayelipa ndiye anayechagua," akasema. "Tena usihangaike. Cheti ni cheti. Ukitoka hapa nani atakuuliza ni cha daraja la ngapi?"

Hayo aliyasema mwalimu, mbele ya darasa, na watu wakacheka. Nimesahau mengi aliyotufundisha, lakini hilo sijalisahau, na nikilikumbuka damu bado inanichemka. Nilifanya mtihani wangu wa daraja la kwanza, nikafaulu, nikapewa cheti chenye picha yangu. Kati ya wale wenzangu wawili, mmoja alifaulu la pili na mara moja akapata kazi Dar es Salaam, akaondoka. Mwingine alifeli kwa vitendo. Upepo ulimpelekea droni mpaka kwenye waya wa ua. Akasema atarudia. Hakurudia.

Hivyo ndivyo kampuni ilivyobaki na mtu mmoja mwenye cheti, naye ni mimi, na cheti chenyewe hakikuruhusu kazi hata moja tuliyokuwa tunaifanya.

Muda si mrefu ukaja mradi wa kupima mashamba ya mboga Mgeta. Ulikuwa mradi mzuri kwa kweli. Kule watu wanalima karoti, viazi, njegere na kabichi kwenye miteremko mikali ambayo ukiangusha jembe unalifuata bondeni, na mvua kubwa zikija udongo unashuka wote mtoni. Walitaka kujua makinga maji yajengwe wapi. Niliposikia nilifurahi, halafu nikakumbuka cheti changu.

Meneja alikuja mlangoni, safari hii bila simu.

"Jiandae. Kesho unapanda kwenu."

"Siruhusiwi," nikasema. "Cheti changu si cha kazi ya malipo. Wala si cha kurusha juu ya watu. Na kule kila kinjia kina watu."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na ikianguka watajua wote."

"Kwani wewe huwa unaangusha?"

"Bosi, wewe ndiye uliyenichagulia daraja hili. Ulisema linanitosha."

Akasema, "Sasa unataka kunikomoa." Na akaondoka kumtafuta yule mwenzangu aliyefeli.

Nilibaki ofisini. Nilimwambia yule mwenzangu, kwa nia njema kabisa, asubiri ukungu uondoke kwanza, asirushe siku ya gulio, na asiipitishe droni nyuma ya kigongo cha mlima, kwa sababu milima ya kule inajikunja. Hatua chache tu angani na umeshaipoteza. Akanijibu kwamba rimoti ina skrini.

Akaenda, akarusha siku ya gulio.

Niliyoyapata baadaye ni haya. Alisimama karibu na barabara, pale malori yanapopakilia mboga za kwenda Dar, kwa sababu hakutaka kuliacha gari. Akaipeleka droni ng'ambo ya kigongo. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, kama unavyopanda siku zote, haubishi hodi. Picha kwenye skrini ikawa nyeupe, mawasiliano yakakatika, na droni ikashuka palepale ilipokuwa. Chini yake palikuwa na njia ya miguu, na kwenye njia kulikuwa na akina mama wanapeleka mboga gulioni. Ilimpiga mmoja wao. Mapanga ya droni yanayozunguka yakamchana mkono wa kulia, naye katika kujikinga akateleza na tenga lake la karoti, akaporomoka mpaka kwenye tuta la chini na kuvunjika mkono huohuo.

Mimi nilijua habari hiyo kwa simu ya mjomba. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kusalimia tu na kupita. Ardhi ninayolima kule ni ya ukoo wa mama yangu, na mjomba ndiye mwenye neno juu yangu na juu ya ardhi ile.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

Hakuitikia. Akasema, "Mwanangu, umekuja kijijini bila hata kupita nyumbani, umemwangusha mama wa watu, halafu umeondoka?"

"Mjomba, mimi niko mjini. Sijafika huko tangu Pasaka."

"Mtendaji wa kijiji ametusomea jina lako. Kampuni yenu imesema rubani ni wewe."

Sijui nilimjibu nini. Najua nilikata simu na kushuka mpaka kwa meneja, nikaingia bila kubisha hodi. Alikuwa na mtu. Nikamwuliza mbele ya mtu huyo, "Umewaambia mimi ndiye niliyerusha?"

Akamwomba mgeni atupishe. Akaniambia nikae. Sikukaa.

"Ni jina tu," akasema. "Wewe ndiye mwenye cheti. Tukisema aliyerusha hana cheti, kampuni inafungwa na wote tunakosa kazi. Wewe ukiwa rubani, ni ajali ya kawaida."

"Jina langu kule si jina tu. Kule kuna mjomba wangu. Kaburi la mama yangu liko kule."

"Nitalimaliza kimyakimya. Mama yule atatibiwa."

"Na cheti chenyewe hakiruhusu kazi ile. Umenifanya niwe mwongo na mvunja sheria kwa mpigo, na mimi nilikuwa hapa juu nakunywa maji."

"Punguza sauti," akasema.

Nilikuwa bado sijapandisha sauti. Nikaipandisha hapo. Sitayaandika niliyoyasema, kwa sababu mengine yalimhusu mama yake ambaye hakunikosea kitu. Nilikusanya vitu vyangu vikaingia kwenye mfuko mmoja, na asubuhi yake nikapanda gari la Mgeta.

Njia ile naijua kwa mgongo wangu, kila shimo. Safari hiyo sikuona kitu. Nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Nilipofika nyumbani kwa mjomba nilimkuta anasubiri nje, kofia mkononi, amevaa shati lake la kanisani. Aliniitikia shikamoo yangu, akasema, "Twende kwa mtendaji. Watu wako pale." Tukatembea, yeye mbele, mimi nyuma, na kila tuliyekutana naye alimsalimia yeye, mimi akaniangalia.

Nje ya ofisi ya kijiji walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na kwenye nyasi. Wengi nawafahamu, wengine tumesoma pamoja, wengine walinipakata. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia niseme ninalotaka kusema. Nikasema kwamba sikuwa mimi. Nikasema siku ile nilikuwa mjini, kwamba nilikataa kuja kwa sababu cheti changu hakiruhusu, na kwamba wameandikiwa jina langu kwa uongo.

Mzee mmoja akauliza, "Una cheti au huna?"

"Ninacho."

"Sasa kama unacho, kinakukatazaje?"

Nikaanza kueleza madaraja. La kwanza, la pili, la tatu. Nikajisikia kama mtu anayejificha nyuma ya maneno ya mjini. Nyuso zilikuwa zinajikunja. Kijana mmoja wa bodaboda akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Wamesoma hao." Mjomba alikuwa anatazama chini.

Ndipo yule mama aliyeumia akasema. Sikuwa nimemwona, alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta, mkono umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko, kanga mabegani. Ni mjane, shamba lake liko chini ya letu, mfereji wa maji tunachangia. Aliongea taratibu, kama mtu anayeongea na mwanawe.

"Huyu siye. Aliyekuja nilikoanguka alikuwa mwanaume, kavaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimelala pale, damu inatoka. Aliiokota ndege yake kwanza. Akaigeuzageuza, akaangalia kama imevunjika. Ndipo akaniangalia mimi."

Mwenyekiti akamwuliza, "Una hakika, mama?"

"Mkono ndio umevunjika. Macho yangu mazima."

Nilidhani nitajisikia nafuu. Nilijisikia vibaya zaidi. Mpaka dakika ile nilikuwa na hasira ya jina langu. Sasa nikawa na picha ya viatu vyeupe vimesimama pembeni ya mtu anayevuja damu, na mikono inapangusa udongo kwenye mashine. Nilimfuata pale kivulini, nikapiga magoti, nikamwambia pole. Akasema, "Ahsante. Lakini nyie watu wa mjini mnaoturushia vitu, huwa mnatuona?"

Nilitaka kumwambia mimi si mtu wa mjini.

Mtendaji alifuta jina langu. Mjomba na mwenyekiti ndio waliolisimamia suala la yule mama. Walimfuata meneja hadi mjini, zaidi ya mara moja, hadi wenye mradi nao wakaambiwa, na hapo ndipo matibabu yakakamilika. Meneja aliwaambia wenye mradi kwamba mimi niliacha kazi kwa utovu wa nidhamu. Mamlaka husika ziliarifiwa pia, na kampuni ikasimamishwa kurusha. Baada ya muda akasajili nyingine kwa jina jingine, kwenye jengo lilelile. Ngazi zilezile. Nikipita Msamvu naliona bango lake.

Nilikaa nyumbani kwa mjomba msimu mzima, nikalima njegere. Na kila nilipokuwa nimeinama nilikuwa napanga jambo moja: nitachukua la tatu, la juu kabisa. Nilitaka kitu ambacho mtu yeyote akisimama mlangoni na kuniambia linakutosha, nimtupie mezani. Nilijiona kabisa namtupia. Hiyo picha ilinipandisha na kunishusha milima ile hadi nikapata nguvu ya kurudi mjini.

Safari hii nilitafuta chuo kingine. Mkufunzi alikuwa mwanamke wa rika langu, mjamzito, anaongea haraka na kula karanga huku anaongea. Nikamwambia nataka daraja la tatu.

"Utarusha nini?" akauliza.

"Droni."

"Hiyo najua. Ipi? Wapi? Na chini yake kutakuwa na nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza: droni ndogo ya picha, mashamba ya milimani, wakulima na njia za miguu.

"Kwa malipo?"

"Kwa malipo."

"Basi ni la pili."

"Mimi nataka la tatu."

"Una mashine nzito?"

"Sina."

"Una mpango wa kunyunyizia dawa? Una timu ya kukaa kwenye kila kigongo ikutazamie anga?"

"Sina. Lakini nataka la tatu ili mtu asinifungie tena mlango."

Akaacha kutafuna. Akasema, "Hiyo siyo sababu ya kurusha, dada. Hiyo ni sababu ya kugombana na mtu. Ukigombana naye kwa ada ya daraja la tatu, yeye hapungukiwi kitu."

"Kila mtu anajua kinachonitosha mimi," nikamwambia, nikasimama.

"Sijasema kinachokutosha. Nimekuuliza unafanya kazi gani, na wewe ndiye uliyejibu. Kesho ukinunua mashine ya dawa, njoo, nitakufundisha la tatu."

Nilitoka nimemkasirikia yeye pia. Nilitembea kwa miguu kutoka pale hadi karibu na soko kuu, juani, nikibishana naye kichwani. Lile neno lake, "ni la pili", lilisikika masikioni mwangu sawasawa na neno la meneja, na nilihitaji siku kadhaa kulitenganisha. Yule wa kwanza alinipimia kwa kunitazama. Huyu alinipimia kwa niliyoyasema mwenyewe. Nilichukia kwamba yuko sahihi. Lakini pia nilifikiria ng'ambo ya kigongo, ule ukungu, ile skrini nyeupe. Daraja la tatu lingeniruhusu siku moja kurusha pale nisipoona. Na mimi, ukiniuliza ukweli wangu, sikutaka kurusha pale nisipoona. Nilitaka kupanda hadi juu ya kigongo kwa miguu yangu, nisimame mahali ninapoona bonde na njia na watu walio kwenye njia, ndipo nirushe. Kwa kazi hiyo leseni yake ni ya daraja la pili.

Nikarudi. Hakunikejeli. Alinipa fomu na karanga.

Masomo hayakuwa mepesi. Mtihani wa nadharia nilifeli mara ya kwanza, upande wa anga na mipaka yake, kwa sababu nilisoma kwa hasira, nakariri bila kuelewa, kama mtu anayekunywa dawa kwa kuziba pua. Mara ya pili nikatulia. Kwa vitendo, siku ya kupimwa, mtahini aliniambia nirushe huku watoto wa shule wakikatiza pembezoni mwa uwanja. Nikamwambia nasubiri wapite. Akatazama saa yake, akanuna. Nikasubiri. Nilifaulu, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananipima au alikuwa na haraka zake.

Nimeanza kazi yangu mwenyewe, nina mashine moja na sina msaidizi wa kudumu. Msaidizi namtafuta kijijini hukohuko ninakopima, mtu mzima anayezijua njia, anasimama kando yangu na kazi yake ni kutazama watu badala ya kutazama droni. Kazi ya kwanza ya malipo ilikuwa Matombo, kwenye mashamba ya ndizi na pilipili manga. Tulifika Jumapili alasiri, watu wanatoka misa, njia zimejaa nguo nzuri. Msimamizi aliyenileta alisema, "Piga tu haraka, watapita." Nikaiacha droni ndani ya begi hadi njia zikawa tupu, na zilipokuwa tupu jua likawa limeshalala na picha hazifai. Tukalala huko. Asubuhi nikapima. Alininung'unikia njia nzima ya kurudi, ile barabara mbovu, na mimi nikatazama dirishani.

Meneja alinipigia simu siku moja. Sauti yake ileile.

"Nasikia sasa una la pili," akasema. "Hongera. Unaona? Nilijua utafika. Nina kazi, wateja wanataka rubani mwenye leseni kamili."

"Aliyefeli hajarudia?"

"Achana na hayo. Ya zamani yamepita."

"Yule mama mkono wake haukunyooka," nikamwambia. "Hawezi tena kupandisha tenga kichwani. Anamlipa mtu ambebee. Umewahi kwenda kumwona?"

Akasema, "Mimi nilitimiza wajibu wangu."

"Basi tafuta rubani mwingine."

"Una kiburi," akasema.

"Kinanitosha," nikamjibu, na nikakata. Nakiri nililifurahia neno lile jioni nzima. Asubuhi furaha ilikuwa imekwisha, na bango lake bado lilikuwa palepale.

Mwaka huu mradi wa makinga maji umerudi Mgeta, chini ya watu wengine, na wamenipa mimi kazi. Kabla ya kurusha nilipita nyumba kwa nyumba nikiwa na mjomba, nikaeleza siku gani, wapi nitasimama, nini kitaonekana kwenye picha. Wengi walikubali. Kwa yule mama tulikaribishwa uji. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake uliopinda umelala mapajani.

"Leseni yako ni ile inayofaa sasa?" akauliza.

"Ndiyo mama. Hii ndiyo."

"Nimefurahi. Lakini juu ya shamba langu usipitishe."

Nikamwambia sawa. Mjomba alitaka kusema neno, nikamgusa mkono. Nilirusha siku isiyo ya gulio, nikiwa juu ya kigongo, nikazunguka shamba lake pande zote, na ramani ikatoka nzuri yenye tundu katikati.

Ofisa wa mradi alipoiona alikasirika. Akasema maji ya mteremko wote yanapita hapo, bila shamba lile hesabu zake hazikamiliki. Nikamwambia mwenye shamba amekataa.

"Lakini wewe si una leseni? Sheria inakuruhusu."

"Inaniruhusu."

"Basi rudi ukapige. Hata hatajua."

Nilimtazama. Alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Nikamweleza njia ya kwenda kwa yule mama: gari liishie penye malori, ashuke mpaka mtoni, avuke, apande ule upande wenye njegere, nyumba ya bati jekundu. Nikamwambia aende mwenyewe akamwombe.

Hakwenda.